Bahasha ya Mholanzi

Nitaanza kwa kujisifu, na nisamehewe, kwa sababu bila ya sifa hiyo kosa langu halitaeleweka. Katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa mwalimu wa skuli huko Pemba, nilikaa wakala wa chama kwenye kituo cha kura. Kituo chenyewe kilikuwa darasa nililozoea kufundishia hesabu. Kura zote zilihesabiwa mbele ya macho yangu, nikaandika idadi kwenye daftari langu. Ilipoletwa fomu nitie saini, idadi iliyoandikwa humo ilikuwa nyingine. Nilikataa. Niliambiwa nisitafute makuu, nikakataa tena, na wiki chache baadaye sikuwa na kazi. Baada ya kuitwa na kuhojiwa mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, nikajikuta London, katika chumba kimoja cha Woolwich, nimevaa koti la kupewa.

Kisa hiki nilikisimulia sana. Kwanza nilikisimulia kwa maofisa wa uhamiaji, waliokiandika bila ya kuniangalia. Kisha nikakisimulia harusini, hitimani na kwenye mikutano yetu ya Jumamosi. Nikikumbuka sasa naona haya kidogo, maana kila niliposimulia sauti yangu ilikuwa nzito zaidi na wale waliotaka nitie saini walizidi urefu. Lakini kiini chake kilikuwa kweli. Mimi ni mtu aliyepoteza kazi kwa sababu ya kura za watu, na katika ugenini ule sikuwa na cheo kingine.

Mholanzi nilikutana naye uwanjani. Alikuwa fundi wa majokofu ya maduka, mrefu, ana uso mwekundu, na ameishi London miaka mingi. Siku za Jumapili alikuwa kocha wa timu ya mchangani ambayo mchanga haikuwahi kuuona, ni matope tu kuanzia Oktoba hadi Machi. Tulifika saa tatu asubuhi, tukaokota kinyesi cha mbwa kwa mifuko ya plastiki, tukafunga nyavu kwa vidole vilivyokufa ganzi, na hapo ndipo mpira ukaanza. Mimi umri ulishanitupa mkono, kwa hiyo nilipewa kazi ya mshika kibendera. Katika ligi ile kila timu ilileta mshika kibendera wake, na kila mtu alijua kwamba mshika kibendera wa timu huipendelea timu yake. Mimi sikuipendelea. Siku moja niliinua kibendera na kulikataa bao letu wenyewe katika dakika za mwisho, wachezaji wetu wakanitukana kwa lugha nne. Mholanzi alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile akawa rafiki yangu.

Baada ya mechi tulikwenda baa iliyokuwa pembeni ya uwanja. Wao walikunywa bia, mimi maji ya machungwa, na nikirudi nyumbani mke wangu alinusa koti langu mlangoni.

"Unanuka baa, mwenzangu."

"Nimekunywa maji ya machungwa, wallahi."

"Machungwa ya shamba gani hayo?"

Mholanzi alikuwa na ugomvi usiokwisha na bia ya Waingereza. Alisema ni vuguvugu, na tena wanaijaza mpaka ukingoni bila ya povu, wakati kwao bia isiyo na vidole viwili vya povu mtu huirudisha. Aliyazungumza haya kwa uzito ule ule aliozungumzia siasa za kwao. Kila asubuhi alisoma magazeti ya Kiholanzi kwenye kompyuta. Alitueleza kwamba kwao hakuna chama kinachoshinda peke yake, kwamba baada ya uchaguzi wakubwa hukaa miezi wakijadiliana nani aungane na nani, na wakati wote huo treni zinakwenda na hakuna anayepigwa. Nilimsikiliza kwa wivu. Na yeye hakuchoka kuniuliza habari za Pemba. Akija mchezaji mgeni aliniambia, "Hebu mwambie ile ya fomu." Nami nikasimulia.

Basi katika mwaka mmoja wa mwanzo wa elfu mbili, uchaguzi wao ulikaribia. Wao wakiwa nchi za nje hupiga kura. Hilo peke yake lilinichoma, maana sisi tukishapanda ndege hatuhesabiwi tena. Jumapili moja aliniletea karatasi ya mfano niione. Ilikuwa kubwa kama kitambaa cha meza, majina yamejipanga safu kwa safu, na kwao, alisema, mtu hujaza kiduara kwa penseli nyekundu. Alikuwa ameinunua penseli hiyo dukani, ingawa kwa wapigaji wa nje rangi nyingine ziliruhusiwa.

"Nitapiga kwa nyekundu," alisema. "Bila ya nyekundu sitahisi kwamba nimepiga."

Nikamuuliza atampigia nani. Akanitajia chama ambacho nilishakisikia redioni.

"Nchi yetu ni ndogo," alisema, akifuta bia midomoni, "na imejaa. Wanaokuja hawataki hata kujifunza lugha. Lazima mlango ufungwe kidogo."

Meza ile tulikaa watu tisa. Mwingereza alikuwa mmoja.

"Na mimi nimeijaza Uingereza?" nikamuuliza.

"Wewe? Wewe si katika ninaowasema. Wewe ni mtu wa kazi, mtu mwaminifu."

Maneno hayo nimeambiwa na watu wengi London, na kila anayeniambia huamini kwamba amenipa zawadi. Nilikunywa maji yangu yakaisha. Hasira yangu mimi si ya kupiga kelele. Hukaa kifuani ikachacha.

Wiki iliyofuata alinijia na bahasha kubwa ya kaki, imefungwa kwa gundi ya karatasi pande zote. Karatasi za kura zilimfikia zimechelewa, akaogopa kuzitia posta. Zilitakiwa zifike ubalozini kwao kabla ya Ijumaa, na yeye wiki ile alikuwa na kazi huko Harrow, pembezoni mwa mji, kutoka asubuhi mpaka jioni. Mimi nilifanya kazi katika chumba cha barua cha ofisi moja katikati ya mji. Kutoka pale hadi ubalozini ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Na niseme ukweli, kwa miaka yote ya kazi ile sikuwahi kupoteza hata barua moja.

"Ningeweza kumpa mtu mwingine," alisema. "Lakini nani? Wewe ulifukuzwa kazi kwa ajili ya kura. Sina wa kumwamini zaidi."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nilikwenda. Nilifika mpaka upande wa pili wa barabara, mlango wa ubalozi nikauona, mlinzi nikamwona. Nikala mkate wangu nimesimama. Nilikuwa nayasikia maneno yake, mlango ufungwe kidogo, na nikawafikiria watu waliokuwa wakati ule kwenye vyumba vya kungojea, na makoti ya kupewa, wakisimulia visa vyao kwa mtu asiyewatazama. Nikajiambia: mimi mwenyewe nichukue kwa mkono wangu karatasi ya kuwafungia hawa mlango? Mkate ukaisha. Nikageuka nikarudi kazini, bahasha kwapani.

Sikupitiwa wala sikuwa mgonjwa. Jumanne nilikumbuka, Jumatano nilikumbuka, Alhamisi nilifungua mtoto wa meza, ile droo ya kazini nilimoiweka, nikaitazama nikafunga. Ijumaa nilikwenda kuswali, na njia ya msikitini ilinipitisha mitaa miwili tu kutoka pale ubalozini. Niliswali na moyo wangu ulikuwa mzito kama gunia la chumvi iliyorowa. Jumapili mvua ilizuia mechi. Jumatatu ya pili, watu walipokuwa wametoka kula, niliitia bahasha katika mashine ya kusagia karatasi bila ya kuifungua. Ilikuwa nene, mashine ikakwama kidogo, ikabidi niirudishe nyuma na kuitia tena.

Jumapili yake Mholanzi alikuwa anapiga vigingi vya wavu. Hata hakuinua kichwa.

"Ulifikisha?"

"Nilifikisha."

Nadhani ningeweza kuishi na mashine ile. Neno lile moja ndilo nililoshindwa kuishi nalo. Nilianza kukosa Jumapili. Nikasema mgongo, nikasema wageni, nikasema baridi. Mke wangu alifurahi kwamba koti halinuki tena, akanisifu kwa wanawake wenzake, na sifa hiyo nayo ikawa dhambi nyingine. Kwenye mikutano yetu ya Jumamosi, wakiniomba nisimulie ile ya fomu, nilisema sauti imekauka. Vijana waliozaliwa hukuhuku, ambao Kiswahili wanakielewa lakini hukujibu kwa Kiingereza, walidhani ni unyenyekevu. Mmoja aliniambia anataka kuwa mtu kama mimi. Nilimjibu vibaya, akaondoka ameinama, na hilo pia nalijutia.

Mholanzi hakuniacha. Msimu ulipokaribia kwisha alinipigia simu akaniambia mkewe amepika, nije nyumbani kwao na mke wangu. Mke wangu alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, nikaenda peke yangu.

Mkewe nilimjua kwa mbali. Alikuwa akija uwanjani na chupa ya kahawa, anasimama nyuma ya goli, hasemi sana. Alizaliwa Surinam, koloni la Waholanzi huko Amerika ya Kusini, babu zake walipelekwa huko kutoka Bara Hindi kulima miwa, naye akaingia Uholanzi akiwa msichana wa skuli. Alinipokea vizuri. Aliniandalia chapati na mchuzi wa kuku wenye viazi, na kabla sijakaa akaniambia kuku amemnunua kwa mchinjaji Mwislamu, nile bila ya wasiwasi. Mumewe alishuka kibandani chini ya ngazi kupanga chupa za bia aliyokuwa anaitengeneza mwenyewe, tukamsikia akizigonganisha na kuzungumza peke yake.

"Sijapata kukushukuru," mkewe akaniambia, huku ananitilia mchuzi.

"Kwa lipi, shemeji?"

"Kwa ile kura yangu. Miaka yote sikupiga. Niliona siasa ni kelele za wanaume tu. Lakini mwaka huu huyu bwana alinichosha na mlango wake wa kufungwa. Nikamwambia, mlango huo mimi niliingilia, na mama yangu aliingilia. Akasema basi piga kura yako. Nikapiga." Alicheka. "Yeye huku, mimi kule. Tukazitia zote mbili katika bahasha moja, kwa penseli moja. Alisema bora twende tukifutana kuliko mmoja akae kimya."

Niliirudisha chapati sahanini. Nilichukua maji, nikanywa, nikaweka bilauri, nikaichukua tena. Kwa mara ya kwanza nilitambua kwa nini bahasha ile ilikuwa nene.

Kwa dakika moja, na hili ndilo linaloniaibisha kuliko yote, nilipata nafuu. Mwalimu wa hesabu ndani yangu alipiga hesabu upesi: moja huku, moja kule, nimetoa zote mbili, hakuna kilichobadilika. Nilikaribia kutabasamu. Kisha nikamtazama yule mwanamke, jinsi alivyokuwa amekaa mkono shavuni, anafurahia kitu alichokifanya peke yake akiwa na umri ule. Nikashindwa.

Nikamwambia. Nilimwambia ubalozi, mkate, mtoto wa meza, mashine. Nilisema kwa sauti ya chini ili mumewe asisikie, na nilipomaliza nikaongeza kwamba ya kwake sikujua kama imo humo.

Hakupiga kelele. Aliondoa mkono shavuni, akaulaza juu ya meza.

"Hukujua," alisema.

"Wallahi sikujua, shemeji. Nilidhani ni ya kwake tu."

"Na kama ungejua?"

Sikufahamu anauliza nini. Akaniuliza tena, polepole, kama anavyoulizwa mtoto anayejulikana kwamba jibu analo.

"Kama ungejua, ungeifungua bahasha, ukaitoa ya kwake, ukapeleka ya kwangu?"

Chini ya ngazi chupa ziliendelea kugongana. Nilikuwa na uongo tayari, mzuri, ulikuwa umeshafika ulimini. Lakini nilikuwa nimechoka, na yule mwanamke alikuwa ananitazama machoni, jambo ambalo maofisa wote wale hawakulifanya.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndivyo ningefanya."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira, ila kama mtu aliyeletewa fomu yenye idadi nyingine. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akamwita mumewe aje ale, chakula kinapoa.