Noah Nyeupe Kwenye Uwanja wa Kanisa

Iko siku moja ya Krismasi, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka kichwa kinanizunguka. Umeniuliza ununue gari gani ambalo wezi hawalitaki, nami badala ya kukujibu nakuletea habari za Krismasi. Nivumilie. Jibu limo humo humo, ila nililipata kwa njia ya kupindapinda, na mpaka leo sina uhakika kama nimelielewa lote.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mimi na baba yako mkubwa, Elirehema, ndoa yetu ilikuwa changa, na mali yetu ilikuwa gari moja tu, Noah nyeupe. Asubuhi ilishusha watu Moshi mjini, jioni ilipanda na magunia ya pumba za ng'ombe, na harufu ya pumba haikutoka humo hata tungeiosha kwa maji ya mfereji mzima. Tulikula kwa Noah ile. Ada ya shule ya wadogo zangu ilitoka humo, na dawa za mama mkwe pia.

Sasa Desemba yetu unaijua. Wachagga walioko Dar, Mwanza na wapi sijui, wote hupanda nyumbani, na magari yanajaa migombani mpaka kuku hawana pa kupita. Mwaka huo kijana wa kihamba cha juu, shamba la migomba lililopakana na letu, alikuja na gari refu jeusi la Ulaya, linang'aa hata likiwa na vumbi. Watu walikuwa wakilizunguka kama ng'ombe wa maonyesho. Siku ya Krismasi aliliegesha kwenye uwanja wa kanisa, ubavuni mwa Noah yetu.

Kaka yangu Aminieli alikuwa amefika jana yake kula sikukuu kwetu. Wakati huo alikuwa anapakia mizigo kwenye malori kule mpakani Holili. Kwa kuwa kanisa lilikuwa limejaa na vijana wamesimama nje, mume wangu akamwambia, "Shemeji, tuangalizie hilo jeusi la mgeni, watoto wasije wakalichora." Hilo jeusi, nasema. Noah hakuna aliyeitaja. Kwetu mgeni aliyerudi nyumbani kwa sikukuu hutangulizwa katika kila kitu, kuanzia kiti mpaka nyama ya kidari, na siku hiyo tukamtanguliza hata katika ulinzi.

Basi tuliimba, tukasali, mahubiri yakawa marefu kama kawaida ya Krismasi. Tulipotoka, gari jeusi lilikuwepo, na Aminieli amesimama kando yake, kifua mbele. Upande wa pili palikuwa patupu.

"Noah iko wapi?" mume wangu akauliza.

"Noah ipi?" Aminieli akajibu. Akageuka, akatazama ule upenyo, kisha nikaona uso wake unabadilika. "Mungu wangu! Ile ilikuwa yenu?"

Mwanangu, sikiliza kilichotokea, maana hata mimi nilimwambia arudie ndipo nikaelewa. Wakati wa mahubiri alitoka upande wa kanisani bwana mmoja amevaa suti, ameshika kitabu cha nyimbo mkononi. Akamsalimia Aminieli, akamtakia Krismasi njema, akaingia kwenye Noah. Uwanjani zilikuwepo Noah nyeupe nyingine nyingi, na kaka yangu alikuwa amepanda yetu mara moja tu, tena gizani. Yule bwana alipoanza kurudi nyuma, Aminieli akaogopa asilikwaruze gari jeusi. Akaenda nyuma akamwongoza kwa mikono: njoo, njoo, kata kulia, simama, nenda. Bwana akampungia mkono na kushuka zake barabarani.

Wapo akina mama waliomwona akimwongoza. Wakasema, tena bila ubaya, wakadhani wanasaidia. Hapo ndipo mume wangu alipowaka.

"Mwizi gani duniani anaacha gari la thamani namna hii, achukue kigari cha kubebea pumba?" akasema mbele ya usharika mzima. "Huyo ni mtu anayetujua. Kikulacho ki nguoni mwako!" Kisha akamtazama kaka yangu na kuongeza neno moja tu: "Holili," kana kwamba kila anayefanya kazi mpakani huvusha magari ya wizi.

Sikujua nisimame wapi. Huku mume, huku ndugu wa tumbo moja, na mimi nimevaa kitenge kipya katikati yao kama mtu aliyekosea msiba. Nilimtetea Aminieli kwa mdomo, lakini moyo ulikuwa unayumba. Kama hakuhusika, mbona alimwongoza mwizi? Na kama alihusika, mbona alikuwa analia? Na kweli, mwizi gani anaacha asali anachota maji? Niliogopa kwamba jioni ile ningebaki na mmoja tu kati yao.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amekaa jikoni anamenya ndizi za machalari, zile tunazopika na nyama. Miguu ilimzuia kwenda kanisani, ila habari zilikuwa zimemfikia kabla yetu. Akamwita mwanawe, na hakuacha kumenya.

"Elirehema, humu kihambani mwetu wanaiba ndizi gani?"

"Mshare, mama."

"Na zile nyekundu za nyuma ya jiko, ambazo watu wanakuja kuziomba mpaka kwa magoti?"

"Hizo hazijaguswa."

"Hazijaguswa kwa sababu mwizi ana akili kuliko wewe. Akifika sokoni na mkungu mwekundu, kila mama atauliza, huu si wa kwa nani hii? Mshare nani atauulizia? Mshare ni wa wote, na kila mtu anautaka kwa chakula cha jioni. Gari lako ni mshare, baba. Umeuacha mshare nje, ukamweka mtoto wa watu alinde nyekundu, sasa unamvua nguo kutafuta hicho kikulacho."

Mume wangu aliinama, ila kuinama si kukubali. Alipoinua kichwa, Aminieli alikuwa ameshachukua mfuko wake. Aliondoka bila kuonja nyama, siku ya Krismasi, na mbuzi mzima yuko motoni. Nilimfuata hadi kwenye masale, ile mimea iliyopandwa mpakani mwa kihamba, nikimwita. Hakugeuka.

Kesho yake polisi mjini askari alituambia yale yale ya mama mkwe, kwa lugha ya ofisi. Noah, alisema, inabadilishwa namba na hakuna anayeigeuzia shingo. Ikishindikana inafunguliwa vipande, na mlango au taa yake haikosi mnunuzi, kwa kuwa kila mtaa una Noah inayosubiri spea. Lile jeusi kila mtu angelikumbuka, na spea zake nani atanunua huku? Mume wangu alitikisa kichwa njia nzima ya kurudi. Alisema askari hajui kitu. Mimi nilikuwa sijui nani anajua.

Mvua za masika zilipoanza, tukaitwa. Katika mji mwingine kulikuwa kumekamatwa kibanda kimejaa vipande vya Noah: milango, viti, injini, vyote vimepangwa vizuri kama duka. Mlango wetu wa nyuma tuliutambua kwa kovu la jembe nililolikwaruza mwenyewe. Yule bwana wa suti alikuwa amekamatwa, na alikuwa amesimulia kila kitu. Kuhusu Aminieli alisema hamjui hata jina, ila ni kijana mwenye adabu, alimwongoza vizuri sana. Kuhusu gari jeusi alishangaa kuulizwa. "Lile ningelipeleka wapi?" alisema.

Baba yako mkubwa alikaa kwenye benchi la kituo akashika kichwa. Siku iliyofuata alikata isale, akalifunga fundo, akamchukua mzee mmoja wa ukoo wakaenda kwa mama yangu, ambako Aminieli alikuwa amekimbilia. Jani lile la kuombea radhi, mwanangu, hulikatai likishaletwa, hata kama moyo unauma. Aminieli alilipokea. Wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kata moja. Nililia kwa furaha, nikajua yamekwisha.

Yamekwisha? Sijui nikuambie nini. Mjomba wako anakuja kila Krismasi, anakula, anatania, baba yako mkubwa anamkatia kidari kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mtu yeyote akimwambia, "Aminieli, niangalizie gari," anatabasamu, anaweka mikono nyuma, anaondoka polepole kwenda kusimama ukutani. Mume wangu humtazama kisha anatazama chini. Isale lilifanya kazi yake, au halikufanya, au lilifika mwisho wa uwezo wa jani. Mimi nimeshindwa kujua.

Sasa swali lako. Leo zinazoibiwa si Noah tu. Kijiwe hiki watakuambia IST, kile watakuambia Probox, mwingine ataapa ni pikapu, na kila mmoja anasema kweli ya mtaani kwake. Gari linaloibiwa ni lile ambalo kila mtu analo na kila mtu anatafuta kipande chake. Tena ndilo nitakalokushauri ununue, maana likiharibika huku mlimani utapata spea na fundi. Ndiyo maana nakuambia nachanganyikiwa: uzuri wake na ubaya wake ni kitu kimoja. Linunue, mwanangu. Chora namba kwenye vioo na taa, weka alama unayoijua wewe, funga usukani hata unapoingia kusali, na usiache mshare wako ukalinda nyekundu ya mgeni.

Likiibiwa, piga ripoti, kisha fumba mdomo mpaka ujue. Hasira hasara, na hasara ya gari ina mwisho. Noah tulinunua nyingine mwaka wa pili wake.

Nenda salama, mwanangu. Ruwa, Mungu wetu, akutangulie njiani, akupandishe na kukushusha mlima huu bila kujikwaa. Na kama siku moja gari lako litapotea, ajalie lipotee gari peke yake.