Kabichi ya Bi Mwiko

Bi Mwiko hakuwa mtu wa kula vya watu. Akialikwa harusini alijishibisha kwake kwanza, kisha akaenda kukaa mbele ya sahani ya wenyewe na kuichokoachokoa kama anayetafuta pini iliyopotea. Wali wa jirani ulikuwa uji uliokosa bahati. Mchuzi wa dada yake mwenyewe ulikuwa maji ya kunawia. Na kabichi ya mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee waliyekaa naye nyumba moja, hiyo hata hakuitafutia jina. Alibetua mdomo tu, na mwenye macho haambiwi tazama.

Jina la Mwiko alilipata kazini. Alipika miaka mingi katika kantini ya kiwanda cha magunia, na mfanyakazi aliyethubutu kusema chumvi imepungua aliinuliwa mwiko hadi usawa wa pua. Aliwalisha watu wale na kuwadharau kwa pamoja, kwani aliamini vinywa vyao ni njia ya kupitishia tu. Siku ya kustaafu walimpa blanketi na kumpigia makofi. Akarudi nyumbani akisema nusu ya waliopiga makofi hawajawahi kujua wamekula nini.

Kipimo chake cha mpishi kilikuwa kabichi. "Nyama hata mjinga akiichemsha italika," alisema. "Mpe kabichi ndiyo umjue." Yake aliikata nyembamba kama nyuzi. Alikaanga kitunguu, akaacha nyanya ziive mpaka mafuta yapande juu, ndipo akatia kabichi kwenye moto mkali, bila kifuniko na bila hata tone la maji, maana kabichi ina maji yake. Aliigeuza mpaka ikalainika, lakini ukiitafuna bado inalia menoni. Hakuwahi kumweleza mtu hayo. Aliyetaka kujua aliambiwa akaulize kwao.

Basi mkwe, ambaye alikuwa muuguzi, akapangiwa zamu za mchana. Mwana alikuwa fundi umeme, na jioni alirudi na njaa ya kutwa nzima. Magoti ya Bi Mwiko nayo yalikuwa yameanza kuvimba, akawa anapika ameegemea ukuta. Mkwe akamwona.

"Mama, magoti hayo yatakuangusha," alisema. "Si uwafundishe hawa watoto angalau kabichi? Wakishajua, wewe utapumzika."

Kupumzika. Bi Mwiko alilisikia neno hilo kama anayeambiwa afungashe. Alikuwa amemwona dada yake akipumzishwa: aliwekewa kiti karibu na mlango, akawa haulizwi jambo ila kama amekunywa dawa. Katika nyumba ile kitanda kilikuwa cha kupewa na chumba cha kupewa. Sufuria tu ndiyo ilikuwa yake. Wakijua kupika, yeye atakuwa nani humu ndani? Aliogopa, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuogopa, alikasirika.

"Nitawafundisha," alisema.

Jumamosi akawapanga jikoni wajukuu zake wawili. Dada mtu alikuwa msichana wa maneno machache, kwa sababu yote alikuwa ameyachukua mdogo wake.

"Bibi, kwani kabichi ina mifupa?" aliuliza mvulana, akiing'ang'ania kwa kisu.

"Mifupa iko kichwani mwako. Unakata mboga au unapasua kuni? Toa mkono wako huo, menya vitunguu."

Msichana alichukua kisu. Alikunja vidole kama inavyotakiwa, akakata nyembamba, polepole, na hakuna aliyemwonesha. Bibi aliliona hilo na halikumfurahisha. Mvulana alipokwisha kulia na vitunguu vyake, vikakaangwa, nyanya zikafuata. Zilikuwa bado mbichi, hata hazijaanza kupondeka, Bi Mwiko alipotoa amri.

"Tieni kabichi. Sasa maji, kikombe kizima. Halafu mfunike."

Msichana alisimama na kikombe mkononi. "Maji, Bibi?"

"Masikio umeyaazima?"

Akamimina. Bi Mwiko akaketi, roho imetulia kama ya mtu aliyekwisha kufunga kabati lake. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: jioni mwanawe ataonja huo uchafu, ataweka kijiko chini na kusema, Mama, hawa wameshindwa, rudi wewe jikoni.

Jioni ikafika. Wakaandaliwa wali na kabichi iliyolowa, imepauka, inaogelea. Mwana akatia kijiko kinywani. Bi Mwiko akamtazama. Mwana akatia kijiko cha pili, akaongeza wali, akavuta bakuli karibu.

"Tamu," alisema. "Kama yako, Mama."

Bi Mwiko alidhani anataniwa. "Onja vizuri."

"Nimeonja. Ni ile ile."

"Wamerithi mkono wa bibi yao," alidakia mkwe. "Mama, sasa kweli utapumzika."

"Huoni tofauti?" Bi Mwiko alimkazia mwanawe macho. "Hata kidogo?"

"Mama, kabichi ni kabichi," alijibu, mdomo umejaa.

Huyo ndiye aliyemlea kwa mkono wake, akimpa ya juu ya sufuria kabla hata ya kuwapakulia watu wa kiwandani. Kumbe miaka yote alikuwa anampigia mbuzi gitaa. Angemkaangia gunia lenyewe, angeomba aongezwe. Akamdharau mwanawe kwa moyo wote, akamdharau na mkwe kwa kicheko chake, ila safari hii dharau haikumshibisha.

Walipomaliza, alikwenda jikoni akamkuta msichana peke yake anakusanya vyombo. Sahani moja ilikuwa imejaa kabichi.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Kwa nini hukula?"

Msichana aliinamia beseni. "Si kama yako. Wewe hutii maji. Na nyanya unaziacha ziive kwanza mpaka mafuta yaonekane."

"Nani kakwambia?"

"Nakuona kila siku."

"Sasa kama ulijua," sauti ilimpanda Bi Mwiko, "mbona ulitia?"

"Wewe si ndiye uliyesema? Nikadhani labda ya watoto ndivyo inavyopikwa."

Hakukuwa na ujeuri katika sauti yake. Bi Mwiko alitafuta neno la kumrudi, na matusi hakuwahi kuyakosa tangu azaliwe, lakini kila alilolishika lilimfaa yeye mwenyewe. Alikuwa amezungukwa na vinywa vya kupitishia, na ulimi mmoja uliojua kula ndio aliouchagua kuudanganya. Aliona aibu, akashika ukingo wa meza.

"Kesho usitie maji," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata tone. Na ya watoto haipo. Kabichi ni moja."

Alijua kesho hiyo kiti chake kitasogezwa karibu na mlango. Akamwonesha hata hivyo, kwa mwiko mtupu juu ya sufuria iliyopoa, jinsi mkono unavyogeuza.