Ata Anachunga Kuku

Ata, bibi yangu mzaa mama, alihamia kwetu Lodwar baada ya ukame kumaliza mbuzi wake wote. Alikuja na fimbo, kibuyu, na ngozi ya kulalia iliyokunjwa na kufungwa kwa kamba. Ngozi ile hakuifungua kamwe. Alilala kwenye mkeka wetu, akisema mkeka ni wa wageni na ngozi ni ya nyumbani. Ikabaki kando ya mlango kama abiria anayengoja kuitwa.

Alitaka kurudi upande wa ziwa, karibu na Kalokol. Kule hakukuwa na mtu wa kumpokea tena, na macho yake yalikuwa yamefifia. Asubuhi moja alilisalimu pipa la maji, "Ejok," kisha akatulalamikia kwamba watu wa mjini hawaitikii. Mama alicheka hadi akakaa chini, halafu akalitazama lile pipa. Nilijua anachowaza. Ata akiondoka, nani atamwambia kwamba lile ni pipa?

Ata mwenyewe hakuona tatizo. "Mtu huamshwa na mnyama," alituambia. "Hapa naamshwa na pikipiki."

Basi Mama akaanza kutafuta mnyama. Uani kwetu mbuzi wawili wangekosana kwa kubanana. Ndipo tukasikia kwamba kule Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kuna Mkongomani anayejiandaa kusafiri mbali, na anauza hema lake la mboga pamoja na kuku waliomo. Tukaenda. Lilikuwa hema refu la mabomba yaliyopindwa kama mbavu za ng'ombe, limevikwa nailoni juu na neti nyeusi ubavuni. Nusu moja sukuma wiki, nusu nyingine kuku, na waya katikati. Samadi ya kuku ilivuka kwenda kwa mboga, majani yaliyozeeka yakavuka kwenda kwa kuku, na hewa ya mle ndani ilinuka mvua, harufu ambayo huku kwetu mtu anaweza kuisafiria.

Mwenyewe alituzungusha kwa huzuni ya mtu anayeoza binti. Alimwambia Mama kwamba jua la Lodwar halina huruma, kwa hiyo nailoni itoke yote, juu pia, iwekwe neti tupu. "Kuku iko na roho kama wewe, mama," alisema. "Ukiifungia kwa nailoni, utaikula siku ileile." Kisha akamwinua tetea mmoja wa kijivu, akamtazama usoni. "Huyu iko na kiburi. Atalala mahali yeye anataka. Usigombane naye."

Tulirudi juu ya lori, mabomba yakigongana kama kengele za kanisa lililolewa, kuku wakichungulia kwenye matundu ya katoni. Fundi akalifupisha hema lienee uani, akalisimamisha, tukalivika neti, tukapanda sukuma. Ata alilizunguka akilipapasa kwa fimbo. Alitangaza kwamba ndege si mfugo, hajawahi kusikia mahari ya kuku. Lakini kesho yake ngozi ilikuwa imehama kutoka mlangoni, sasa imesimama ndani ya hema, upande wa kuku, na Ata amekaa pembeni yake kivulini.

Alianza na alama. Mbuzi hukatwa sikio ili wajulikane ni wa nani, na hakuona sababu ya kuku kusamehewa. Alimkamata jogoo, akampapasa kichwa mbele na nyuma, akamwachilia.

"Huyu hana masikio," alisema. "Ndiyo maana hasikii."

Akawapa majina kwa rangi zao, kama alivyowapa mbuzi. Akawa anawaita kwa ule mlio wa ulimi uliokuwa ukikusanya kundi zima kutoka ng'ambo ya mto mkavu. Kuku walitawanyika kila alipouanza. Alisema wanajifunza.

Sukuma nayo ikakua. Iliinuka kijani, pana, majani yakiwa na umande ambao sijui uliutoa wapi. Mama alikuwa akienda kuitazama kabla ya kunywa chai. Ndiyo maana nakumbuka vizuri sura yake siku aliyotoka sokoni akakuta waya umefunguliwa, Ata amesimama katikati ya shamba kwa mguu mmoja, fimbo mabegani, na kuku wote wamezama kwenye vijiti vitupu.

"Mama," Mama alimwambia Ata taratibu, "umewalisha kuku sukuma yangu yote."

"Sijawalisha. Nimewachunga."

Ata alieleza bila aibu yoyote. Mmefunga wanyama karibu na malisho, alisema, kisha mmeweka waya katikati ili wayaone. Mtu wa namna hiyo kwetu wafugaji angefukuzwa kambini. Mama akajibu kwamba kambini hakuna anayenunua mbegu. Maneno yakapanda, na mwisho wake Ata akasema asubuhi anapanda lori la samaki linalorudi Kalokol tupu. Mama aliingia jikoni akasugua sufuria iliyokuwa safi.

Asubuhi lori lilisimama langoni, honi ikalia. Mama alikuwa amefunga chai kwenye thamosi na chapati kwenye kitambaa, macho yamemvimba. Ata akaenda kuchukua ngozi yake. Tukasikia kelele ndogo. Tulipofika alikuwa amechuchumaa, akinyonya kidole.

Ndani ya mkunjo wa ngozi, iliyokuwa imeanguka na kulegea kamba, alikuwa ametulia yule tetea wa kijivu, amejitanua juu ya mayai, akitutazama kama karani aliyefunga dirisha.

Honi ikalia tena.

"Mwambieni aende," alisema Ata. "Kuna mzazi hapa."

"Mama, ni kuku tu," alisema Mama. "Nitamtoa. Nitakupa na blanketi."

"Wewe nilikuzaa tukiwa tunahama," Ata alijibu. "Kambi nzima ilikungoja."

Mama akaenda langoni na ile thamosi, akampa dereva chai yetu na chapati, akamwambia aende salama.

Mayai yakaanguliwa. Ata akasema vifaranga hawawezi safari, tungoje waote mbawa. Wakaota. Siku hiyo akaikung'uta ngozi, akaikunja upya, akaifunga kamba, akaisimamisha palepale penye kivuli, kisha akaja kunywa chai. Kupitia neti nilimwona Mama ndani ya hema, ameinama, akimsukuma tetea mwingine taratibu kwa mguu kuelekea kwenye ile ngozi.