Pahala pa Baba Dakani

Baba yangu alikuwa wakili wa mambo ya kadhi hapa Amu: mirathi, talaka, nyumba za wakfu. Ofisi yake ilikuwa daka letu, kile kibaraza cha mbele ya mlango chenye viti vya mawe pande mbili. Kulia alikaa yeye, kushoto wateja. Kila aliyekuja alihimizwa aandike wasia mapema. Lakini ukimuuliza yeye nani atashika kazi yake, basi ghafla atashikwa na kiu, atataka maji.

Kaka yangu alimtumikia toka ndevu hazijamwota, na sasa ana watoto wawili. Mombasa walikuwa wakimtaka ukarani. Alisema wazi: asipokabidhiwa kazi kabla ya Ramadhani, atahama na wanawe. Mama usingizi ukampaa. Mimi nilikuwa nimerudi kwetu kujifungua, miguu imenivimba, na Baba alinikasirisha kweli kweli.

Asubuhi moja mafua yakamlaza Baba. Akamwambia kaka akae pahala pake, leo tu. Naye, maskini, akaenda akakaa, wote wawili wamesahau ada. Nyinyi wa siku hizi hamjui: zamani kwetu mwana hakai pahala pa babake dakani ila babake ameshakufa. Mpita njia wa kwanza alimwona, akajishika kichwa. Punde si punde daka likajaa wanaume wanampa kaka mkono wa tanzia. Kaka aliapa kwamba mzee yu hai. Wakaona ni majonzi yanamsemesha, wakazidi kumpa pole. Marehemu mwenyewe yuko ndani, anakunywa uji. Nilicheka mpaka nikaogopa nitazaa pale pale.

Baba akaja juu, akavaa kofia atoke akawakemee. Alipofika nyuma ya mlango, nami namfuata, akasikia mzee mmoja wa Pate anauliza: na ile kesi yake ya shamba na nduguye, itakuwaje? Kaka akamwambia asiende kwa kadhi kwanza. Yeye mwenyewe atavuka Pate awakutanishe, maana shamba hugawika, lakini udugu ukikatika haushoneki. Mzee akashukuru, akamwombea dua.

"Mimi ningempeleka kwa kadhi," Baba alininong'oneza. Kisha akasema, polepole, "Kumbe nimekufa, na hapana kilichokwama."

Macho yalimjaa machozi. Hasira zangu zote zikaniishia. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama.

Akafungua mlango. Wengine walipiga shahada, mmoja akaacha viatu vyake akatoka mbio. Kaka alisimama haraka kumpisha. Baba akapita mbele yake, akaenda kujibana kushoto, ubavuni mwa yule mzee wa Pate.

"Kaa papo, wakili," akamwambia kaka, naye hakuwahi kumwita hivyo maishani mwake. "Ukimaliza na huyu, zamu yangu."