Mchungaji Ambaye Sikumwita

Mwaka wa tatu wa shahada yangu tulifundishwa kuzika. Somo lilikuwa la ibada, na mwalimu wetu aliamini kwamba mtu haijui ibada mpaka aifanye kwa mikono yake. Tulikuwa tumeshabatiza mdoli wa plastiki kwenye beseni. Tulikuwa tumeshafungisha ndoa, bibi harusi akiwa mwanafunzi mwenzetu mwenye ndevu aliyejitanda kitambaa cha meza. Wiki hiyo likaletwa benchi, likafunikwa kitenge, tukaambiwa hilo ndilo jeneza. Chuo chetu kiko Iringa, kilimani, na ilikuwa Julai. Tulisoma tumevaa makoti, madirisha yamefungwa, na bado baridi ilipita.

Zamu iliniangukia mimi.

"Mama Mchungaji, marehemu anachelewa," akasema kijana mmoja wa nyuma. Wengi darasani walitoka kidato cha sita moja kwa moja. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minane, na hilo ndilo jina walilonipa.

"Mwache ajipange. Wewe unawahi nini, wali?"

"Wali, ndiyo. Msiba gani hauna wali?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, nikafungua kitabu cha ibada, nikaanza kusoma. Nilipofika mahali pa kumtaja marehemu kuwa ni dada yetu aliyelala akiwa katika ushirika wa kanisa, nikaacha kusoma. Mwalimu alidhani nimepoteza mstari, akaja kunionyesha kwa kidole. "Hapa, mama. Endelea." Sikuendelea. Nilimpa kitabu, nikarudi kukaa, na kijana aliyetaka wali ndiye aliyemaliza kulizika lile benchi.

Mama yangu hakusomewa maneno hayo. Wadogo zangu wawili walikua wakijua kwamba kanisa lilimkataa. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyefanya asisomewe, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliyejua hivyo nilikuwa mimi peke yangu.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Baadaye mama akaishi na mwanaume mwingine bila ndoa ya kanisani, na kwa utaratibu wa usharika wetu wa pale Ilomba, mjini Mbeya, akatengwa. Aliyetengwa hashiriki meza ya Bwana. Akifa kabla hajarudi, mwili hauingizwi kanisani, kengele haigongwi, mchungaji haji makaburini. Majirani wanazika. Lakini kurudi hakukuwa kugumu. Hata mgonjwa kitandani aliweza kumwita mchungaji, akatubu mbele yake na mzee mmoja wa kanisa, na jambo likaisha. Yule mwanaume alikuwa ameshaondoka mama alipoanza kuugua kifua.

Nilikuwa kidato cha pili, na Jumamosi nilikwenda darasa la kipaimara. Huko msichana mmoja aliuliza kwa sauti kama siku yetu ya kipaimara mama yangu ataingia ndani au atachungulia dirishani. Darasa zima lilicheka. Mwinjilisti aliyekuwa akitufundisha naye alicheka, kisha ndipo akawaambia wanyamaze. Nilirudi nyumbani nimeapa kwamba watu wale sitawaomba kitu chochote.

Hazikupita wiki mbili mama akaniita, mchana, mvua ikiwa imeanza. "Mwanangu, nenda kamwite mchungaji. Mwambie nataka kurudi."

Nilijifunika kanga nikatoka. Nilifika kwenye duka la kona, nikasimama chini ya bati lake, na pale ndipo nilipoishia. Paa la kanisa lilikuwa linaonekana. Nilisimama muda ambao ungetosha kwenda na kurudi, kisha nikarudi.

"Hayupo," nikamwambia. "Amekwenda Usangu kutembelea washarika."

"Anarudi lini?"

"Kesho."

"Kesho saa ngapi?"

"Hawakusema, mama."

Kesho yake aliomba nimvalishe gauni lake la bluu na kumfunga kitambaa kichwani. Alikaa ameegemea ukuta, uso ameuelekeza mlangoni, mpaka jioni. Siku ya pili hakuomba kuvalishwa. Asubuhi ya siku ya tatu tulimkuta amekufa.

Nimejiuliza mara nyingi nilitaka nini. Nadhani nilitaka waje bila kuitwa. Nilitaka mchungaji afike mwenyewe, akiwa na aibu, agonge mlango wetu. Sikuwaza kwamba mama anaweza kufa, ingawa kila mtu aliyemwona alikuwa akiwaza hivyo.

Walipokuja wazee watatu wa kanisa, mmoja wao alinikuta nimesimama kwenye mlango wa jiko. "Pole, binti yangu. Mama aliomba mchungaji?" Ningesema ndiyo, angeuliza mbona hakuitwa, na shangazi zangu walikuwa wamekaa pale pale wakimenya viazi. Nikasema, "Hapana, baba. Hakuomba."

Alizikwa na majirani. Mjomba aliyetoka Rungwe aliwatukana wazee makaburini, akasema kanisa lao halina huruma. Nami nikayachukua maneno yake nikayafanya yangu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka tisa, wa kike mitatu. Kila walipouliza niliwajibu hivyo hivyo: kanisa lilimkataa mama.

Shule niliacha mwezi huo huo. Nilipata kazi ya kupembua mchele kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Iyunga, nikawalea. Wa kiume alijifunza kuchomelea vyuma, wa kike akasoma hadi ualimu na kuolewa Njombe. Walipoweza kujitegemea nikaanza kusoma mimi. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, mara mbili. Kisha cheti cha Biblia, kisha stashahada, kisha ndiyo hiyo shahada ya huduma ya Kikristo na masomo ya Biblia. Fomu ya kujiunga iliuliza wito wangu ulianzaje. Niliandika habari za kupenda kufundisha watoto wa shule ya Jumapili. Sikuwa na ujasiri wa kuandika kwamba nilitaka kuwa mtu ambaye akiitwa anakwenda.

Baada ya siku ile ya benchi tuliambiwa tuchague mada za utafiti. Nikachagua mazishi ya waliotengwa. Mwalimu yule yule wa ibada ndiye aliyepangiwa kunisimamia.

"Kwa nini hii?" akaniuliza.

"Inatugusa kule kwetu, mwalimu."

"Inawagusa ninyi, au inakugusa wewe?"

"Sote."

Aliniangalia kidogo. "Basi nenda kwenye madaftari ya vikao vya baraza la wazee. Usiniletee simulizi za msibani. Msibani kila mtu ana lake."

Nilisafiri kwenda Mbeya likizo ya Desemba nikitumaini kwamba jibu langu halikuandikwa. Katibu wa usharika, msichana mwenye umri mdogo kuliko nguo niliyovaa, alinifungulia kabati na kunipa daftari lenye jalada gumu lililoliwa pembe na mende. Kumbukumbu ya kikao cha msiba wa mama niliikuta kwa dakika chache. Iliandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri: binti mkubwa wa marehemu ameulizwa, amesema marehemu hakuomba huduma ya mchungaji. Kwa hiyo mazishi yaendeshwe na majirani. Nilinakili kama nilivyonakili kumbukumbu nyingine zote, na ukurasa wake.

Aliyeiandika alikuwa hai bado. Ndiye yule yule aliyenikuta kwenye mlango wa jiko, sasa mzee sana, anatembea kwa fimbo. Alikuwa kwenye orodha yangu ya watu wa kuhojiwa, nisingeweza kumruka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unasomea uchungaji. Mama yako angefurahi." Akaagiza nipewe chai. Nilipomuuliza juu ya vikao vya zamani hakuhitaji kukumbushwa. "Siku ile ya mama yako mchungaji alikuwa ameshabeba kanzu yake. Tulikubaliana kikaoni, kama aliomba, hata kama mchungaji hakuwahi kumfikia, basi nia yake inatosha, tunamzika kikanisa. Tulitaka neno moja tu."

"Na mkaniuliza mimi."

"Tukakuuliza wewe. Ukajibu wima, bila kuyumba. Nilimwambia marehemu mke wangu, mtoto yule hasemi uongo hata kwa ajili ya mama yake mzazi."

Nilikunywa chai yake ikaisha. Niliandika aliyoyasema. Nilimuaga kwa mikono miwili na sikumwambia kitu. Huyo nilimwonea haya. Nilijua aliyestahili kuambiwa kwanza ni nani.

Mdogo wangu wa kiume ana karakana Mwanjelwa, na Jumapili ndiyo siku anayoifungua mapema kuliko zote, makusudi, ili washarika wakipita wamwone anachomelea. Ana watoto wawili ambao hajawabatiza. Mkewe amelia naye miaka, mimi mwenyewe nimeshatumwa mara kadhaa kumsihi, na nilimsihi kwa mdomo mkavu, kwa sababu nilijua anachokikataa nilikitunga mimi.

"Dada, karibu," akasema aliponiona. "Kama umetumwa habari za ubatizo, kaa tunywe soda tu."

"Sikutumwa."

Nikamwambia. Nilimwambia duka la kona, bati, Usangu, gauni la bluu, mlango wa jiko, daftari. Hakuvua glovu.

"Kwa hiyo alikuwa anamsubiri mtu," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi aliniambia nifagie uwanja. Akasema kuna mgeni anakuja. Nikamuuliza mgeni gani, akasema mgeni mkubwa. Nilidhani ni mjomba." Akasogeza kipande cha nondo kwa mguu. "Siku ya pili nilifagia bila kuambiwa."

Hilo sikulijua. Tumekaa nyumba moja miaka yote ile na sikulijua.

"Umekuwa ukinisikia nawatukana wale wazee," akasema. "Hapa hapa, umekaa kwenye kiti hicho hicho, unanisikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Na unanyamaza."

"Niliogopa mtaniacha."

"Tungekwenda wapi, dada?" Sasa alipaza sauti, mafundi wenzake wakageuka. "Tulikuwa na nani mwingine?" Kisha akashusha miwani yake ya kuchomelea. "Nenda. Nina geti la watu hapa."

Mdogo wetu wa mwisho nilimpigia simu nikiwa stendi. Alilia, akasema yeye hamkumbuki mama, anayemkumbuka ni mimi, kwa hiyo hajui anikasirikie kwa niaba ya nani. Tangu hapo simu zetu zimekuwa fupi. Tunaulizana hali ya hewa.

Iringa niliandika utafiti wangu. Katika sura ya nne nilieleza kwamba shahidi aliyeulizwa katika kumbukumbu ile alisema uongo, na kwamba shahidi huyo ndiye mwandishi. Msimamizi wangu aliipiga mstari mwekundu aya nzima. "Hii ni toba, mama, si utafiti."

"Mwalimu, nikiiondoa, daftari linabaki limesema kweli."

Alikaa nayo siku nne. Akanirudishia na kusema iwekwe kama tanbihi, chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Nikaiweka. Siku ya kutetea utafiti wangu walikaa walimu watatu mbele yangu. Wawili waliuliza juu ya mpangilio wa marejeo. Wa tatu aliuliza kama nimefikiria kupunguza utangulizi. Tanbihi hakuigusa mtu. Nilifaulu.

Kwenye mahafali yangu alikuja jirani mmoja wa Ilomba aliyekuwa na safari zake Iringa. Mdogo wangu hakuja, na sikutegemea aje. Nilimwandikia kila Jumapili, maneno machache, namsalimu, nawasalimu watoto. Ujumbe ulionekana umesomwa. Hakujibu, nami sikuacha kuandika.

Kisha mwezi uliopita, nikiwa nimepangiwa kuhudumu kwenye usharika mmoja wa vijijini huku huku Iringa, wifi alinitumia picha. Watoto wamebatizwa, wote wawili, pale Ilomba. Aliniandikia kwamba mume wake alikwenda mwenyewe kwa yule mzee wa fimbo kumwomba radhi kwa matusi ya miaka yote, na akaomba aonyeshwe lile daftari. Alisoma ule ukurasa amesimama. Mzee ndiye aliyesimama naye kanisani kama msimamizi wa watoto. Msichana amepewa jina la mama.

"Alisema usiambiwe mpaka ipite," aliandika. "Nisamehe, wifi."

Nilimjibu kwamba nimefurahi, na nilifurahi kweli. Mtu niliyemtoa kanisani akiwa na miaka tisa amerudi kwa miguu yake, na hilo ni jambo kubwa kuliko shahada yangu. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ya usharika nikaitazama tena ile picha. Mdogo wangu amechomekea shati, amesimama mbele karibu na maji, kichwa ameinamisha. Mdogo wetu wa mwisho yupo, amesafiri kutoka Njombe, amembeba msichana. Naye hakuniambia. Niliikuza picha kwa vidole nikaangalia benchi la mbele, wanapokaa ndugu. Walikuwa wamekaa kwa kubanana, wote nawajua, na hapakuwa na nafasi iliyobaki wazi.