Ndagala Juu ya Plake

Tangu tufunge plake ya sola, ile paneli ya umeme wa jua, juu ya paa la jikoni, mtaani kwetu Nyamianda, sikutulia. Mtaa mzima ulikuwa unaweka zake, na taa za majirani ziliwaka mpaka watoto wao wakachoka kusoma. Batri yangu ilizimika kabla ugali haujaiva. Nilikaza nyaya, nikazifungua, nikazikaza tena. Aliyeniuzia nilimwita mwizi mbele ya watu. Hata mawingu ya kule milimani Rurambo niliyatukana.

Siku moja sikuweza kukaa kazini. Adhuhuri nikarudi nyumbani, nikaegemeza ngazi ukutani, nikapanda. Plake haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa yote na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wamepangwa vizuri, wanakauka.

"Mama! Nani anaanika samaki huku?"

"Ni minye." Mama alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kitenge, bila aibu hata kidogo. "Chini wanaingiwa na mchanga. Hapo wanakauka haraka, na kila jioni ninawatoa, ninapangusa. Si ulisema kitu hicho kinapenda jua?"

"Jua ni la batri, mama! Si la samaki!"

Alinitazama pale juu ya ngazi.

"Shuka, utaanguka," akasema. "Ndagala ndio waliokusomesha weye, na ni jua hilihili lililowakausha."