Barua Mbili za Wilf Pocock

Wilf Pocock alikuwa mchoraji wa mabango. Ukishuka kutoka stesheni ya mtaa wetu wa Penge hadi kanisani, nusu ya majina ya maduka yalikuwa kazi ya mkono wake: bucha, muuza samaki, fundi saa, herufi zenye kivuli cha dhahabu. Alipanda ngazi na brashi miaka arobaini na miwili. Mkewe akafa, kisha macho yakaanza kufifia. Kila alipotazama palikuwa na doa katikati. Viatu vyako aliviona, uso wako hakuuona.

Alikaa ghorofa ya juu, mimi chini, miaka thelathini. Aliniita Malkia Beryl, kwa kuwa sikubali mtu anibebee hata mfuko wa viazi.

Fleti zetu ni za miaka. Jengo lina mwenyewe; wewe unanunua miaka ya kukaa ndani, na kila mwaka unaopita umekwenda. Ya Wilf ilibaki themanini na miezi michache. Ikishuka chini ya themanini, bei ya kuongezewa miaka inapaa na wanunuzi wanakimbia. Alitaka aongezewe, auze, ahamie Whitby kwa binti yake Hilary. Na alikuwa na haraka.

"Nataka nizione ngazi za kwa Hilary kabla macho hayajazimika kabisa," aliniambia. "Nikizijua kwa macho, miguu itakumbuka. Nikifika huko gizani, nitashikwa mkono mpaka chooni."

"Utalalamika kuhusu baridi ya huko."

"Hapa nalalamika kuhusu wewe. Angalau nibadilishe."

Alipata wakili, ombi likapelekwa kwa mwenye jengo. Mwezi wa kumi Wilf akashuka na bahasha ya wakili.

"Malkia, nisomee. Nimejaribu na kioo cha kukuzia, naona sisimizi tu."

Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Mimi shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na moja, mama alipougua. Najua majina ya mabasi, bei za dukani, na jina langu. Barua ndefu inanishinda. Marehemu mume wangu alijua, na hakumwambia mtu. Wilf hakujua. Nilivaa miwani, nikaishika ile karatasi muda unaotosha. Niliona tarehe ya mbele, 14 Machi, na maneno marefu kama treni.

"Wanasemaje?"

"Wanasema usubiri. Watakujulisha."

"Karatasi nzima kusema hivyo tu?"

"Ni mawakili hao, Wilf. Ulitaka waseme kwa mstari mmoja?"

Alicheka, akanywa chai yangu, akapanda juu. Januari ikaja ya pili. Nikasema vilevile. Ya kwanza nilisema kwa kiburi. Ya pili nilijua ninachofanya.

Hilary alikuja mwisho wa Machi. Nilimsikia kwanza, kisha nikaitwa juu. Barua zote mbili zilikuwa mezani.

"Baba, mwenye jengo alitaja bei yake. Msipokubaliana, ulipaswa kupeleka kesi kwenye baraza la kuamua bei kabla ya tarehe kumi na nne mwezi huu. Wakili alikuwa anangoja ruhusa yako! Sasa ombi limekufa, na kuomba tena ni mpaka mwaka uishe. Mwaka ukiisha tuko chini ya themanini!"

"Beryl alinisomea," Wilf akasema. "Alisema nisubiri."

Hilary akanigeukia. "Ni kweli, Bi Stubbings?"

Nilikuwa nimesimama karibu na jiko. Nikasema, "Nilimsomea kama ilivyoandikwa. Amesahau."

Wilf aligeuza kichwa pembeni, kama alivyofanya akitaka kuniona. Kisha akasema polepole, "Labda. Siku hizi sijui."

Wiki ile Hilary alibandika kwenye jiko la gesi karatasi ya herufi kubwa ya kumkumbusha kuzima, akachukua funguo za gari ambalo Wilf hakuliendesha tena, akamwekea miadi ya daktari wa kupima kumbukumbu. Nilimkuta Wilf ngazini anahesabu kwa sauti majina ya wafalme. Anajipima.

"Nimemruka mmoja, Beryl?"

"Sijui."

"Zamani ningejua."

Nilikaa na hilo moyoni siku mbili. Siku ya miadi, walipokuwa wanavaa makoti, nikapanda juu na kusema mlangoni, bila kukaribishwa: "Usimpeleke. Hajasahau kitu. Mimi sijui kusoma."

Hilary akasema, "Unasema nini?"

"Sijui kusoma. Nilitunga. Mara zote mbili."

Alinipandishia sauti, na kila neno nilistahili. Wilf alikaa na koti lake, mkono mmoja ndani ya mkono wa koti, mwingine nje.

"Kutojua kusoma," akasema mwishowe, "ungeniambia tu. Miaka yote nimechora herufi, ningekufundisha kwenye ukuta wa choo. Lakini uliniacha nidhani akili yangu imeondoka. Nimekaa hapa usiku nikijiuliza majina ya watoto wangu."

"Nisamehe, Wilf."

"Shuka chini, Bi Stubbings."

Hakuniita Malkia tena. Mwaka ulipoisha aliomba upya, akalipa bei mpya, karibu mara mbili. Fleti ikauzwa mwezi wa tano uliofuata. Wakati huo alikuwa anaona mwanga wa dirisha tu.

Siku hizi naenda maktaba kila Jumanne kujifunza, na haya nimeyaandika mwenyewe. Mwalimu amenirekebishia makosa.

Siku aliyoondoka, Hilary alimshusha akiwa amemshika mkono, hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, mlango wazi. Wilf alipita karibu kiasi cha mimi kunusa sabuni yake ya kunyolea. Hilary alinitazama mara moja, akatazama mbele. Wilf hakujua kama nipo, nami sikufungua mdomo.